Bundi mdogo wa Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine yametoka kwa wageni waliovuka bahari kwa ajili ya ndege mmoja tu, mengine kwa majirani wa hapa hapa Pemba wanaoshangaa mtu mzima kukaa gizani akisikiliza miti. Baadhi nimeyajibu kwa ufupi. Yale ambayo watu wengi hukosea nimeyarefusha.

Ni ndege gani hasa?

Ni bundi mdogo sana, urefu wake kama sentimita 20, anayeweza kukaa kwenye kiganja cha mtu mzima. Macho yake ni ya manjano. Kichwani ana vishungi viwili vifupi vinavyofanana na masikio, huvisimamisha akishtuka na kuvilaza akitulia. Wapo wa rangi mbili: wengine ni wekundu wa kutu karibu mwili mzima, wengine ni wa kahawia iliyopauka wenye michirizi myembamba. Watu hudhani mmoja ni dume na mwingine jike, au kwamba ni ndege wawili tofauti. Sivyo. Ni ndege yule yule, rangi tu zinatofautiana.

Jina lake la kisayansi ni *Otus pembaensis*. Alielezwa kitaalamu mwaka 1937 na R.H.W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akifuatilia ndege wa Unguja na Pemba. Baadaye kwa muda mrefu wataalamu wengi walimhesabu kuwa tawi la bundi mdogo wa Madagascar, na sasa anatambuliwa kuwa aina yake mwenyewe. Duniani kote anaishi Pemba tu.

Kwa nini Pemba peke yake, wala si Unguja?

Jibu liko chini ya maji. Bahari iliyo kati ya Unguja na bara ni ya kina kifupi. Enzi ya barafu, maji yaliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja ilikuwa imeshikana na bara na wanyama walipita kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui, na ina kima punju. Mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya Pemba na bara, kinyume chake, una kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka, Pemba ilibaki kisiwa vile vile. Aliyefika alifika kwa kuruka au kwa kuelea, na akishafika alibaki na wenzake wachache, vizazi kwa vizazi, mpaka akawa tofauti na jamaa zake wa ng'ambo.

Bundi huyu si peke yake katika hilo. Kuna ninga wa Pemba, ambaye ni njiwa wa kijani, kuna chozi wa Pemba, kijindege anayefyonza maua, na kuna kijindege cha rangi ya manjano na kijani chenye pete nyeupe kuzunguka jicho. Hao watatu utawaona mchana, mara nyingi bila kuingia msituni. Bundi ndiye anayekufanya ukeshe.

Visiwa vingine navyo vina bundi wao?

Vinavyo, na hadithi zao zinafanana kwa namna inayogusa. Komoro kila kisiwa kikubwa kina bundi wake mdogo: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Yule wa Nzwani alidhaniwa ametoweka kwa takriban karne nzima, akapatikana tena mwaka 1992. Wa Mwali alielezwa mwaka 1998 tu. Upande wa pili wa Afrika, kisiwani Príncipe, bundi wa aina hii alipewa jina la kisayansi mwaka 2022, ingawa wenyeji waliokuwa wakiingia msituni walikwisha kusema kuna ndege kule analia usiku. Kwa bundi hawa, mara nyingi sikio hutangulia na jicho huja baadaye.

Analiaje?

Kama utasoma jibu moja tu katika haya yote, basi soma hili.

Hulia "hu". Mara moja, fupi, laini, ya chini. Kisha kimya. Kisha "hu" tena. Ni kama mtu anayepuliza juu ya mdomo wa chupa tupu halafu akakata pumzi kabla mlio haujakolea. Nafasi kati ya mlio na mlio haitabiriki: mara nusu sekunde, mara unangoja mpaka unadhani ameondoka. Wakati mwingine huunganisha nne, tano, au sita kwa kufuatana, hu-hu-hu-hu, halafu anarudi kwenye ile moja moja. Dume na jike hujibizana, na ukitega sikio vizuri utagundua kwamba sauti zao haziko kwenye kimo kimoja.

Aliyezoea bundi mdogo wa bara hupotea hapa, kwa sababu yule wa bara ana mlio wa kutetemeka, "pruuu", kama mdudu. Wa Pemba hana mtetemo huo kabisa. Na aliyezoea bundi wa kwenye filamu, wale wa "huu-huuu" ndefu ya kutisha, hupotea zaidi: huketi akingoja kitu kikubwa huku ndege mwenyewe akiwa amekwisha kulia mara ishirini juu ya kichwa chake.

Kabla hujasafiri, ingia kwenye tovuti ya Xeno-canto, ambako watu hukusanya sauti za ndege wa dunia nzima, utafute kwa jina lake la Kilatini. Sikiliza mpaka uweze kuuiga ule mlio. Ukiweza kuuiga, sikio lako litaukamata hata katikati ya kelele.

Usiku msituni kuna sauti nyingi. Nitazitenganishaje?

Anza kwa kuzitoa zile zisizohusika. Inayolia kwa nguvu, kama mtoto aliyekasirika, ikipanda kisha ikishuka, ni komba. Kelele za ugomvi juu kwenye mti wenye matunda, pamoja na mabawa mazito yanayopigapiga, ni popo wakubwa wa Pemba. Nyenje ni ule mstari usiokatika. Vyura hulia kwa makundi, na wako chini, karibu na maji.

Ukishaziweka hizo pembeni, kinachobaki ni kile kinachotoka juu kidogo ya usawa wa kichwa chako, laini, chenye nafasi katikati.

Niende wapi?

Mahali pa uhakika zaidi ni Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, katika Wilaya ya Micheweni. Msitu wenyewe una kama hekta 1,440, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki Pemba. Sehemu yenye unyevu ina mivule mirefu, mitambaazi minene kama mkono, na mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao nao asili yake ni Pemba peke yake. Barabara inaukata msitu kuelekea Verani na Ras Kigomasha, jambo linalomsaidia msikilizaji: unaweza kutembea taratibu kwenye barabara, giza pande zote mbili, bila kuvunja tawi hata moja.

Kuna pia Msitu Mkuu na Ras Kiuyu upande wa kaskazini mashariki. Lakini mgeni wa mara ya kwanza namshauri Ngezi.

Ni kweli anaishi hata kwenye mikarafuu?

Ni kweli, na mimi mwenyewe nilichelewa kulijua.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaa Ngezi siku mbili mfululizo, nikamsikia kwa mbali tu. Siku ya tatu nilipumzika kwenye baraza ya nyumba moja nje ya Konde, mji mdogo ulio karibu na msitu. Bibi mwenye nyumba akaniuliza natafuta nini, nikamweleza, nikauiga ule mlio. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hicho mbona kila siku kinalia kwenye mkarafuu wetu?" Nikarudi baada ya sala ya isha. Tuliketi barazani, yeye akiendelea kuchambua karafuu kwenye makonyo kwa vidole vilivyojua kazi bila macho, na kabla hajamaliza ungo mmoja ndege akaanza. Kutoka barazani hadi kwenye mti hazikufika hatua thelathini.

Mikarafuu ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa kisiwa cha karafuu. Msitu mwingi ulifyekwa kwa ajili hiyo, na huo ni msiba kwa viumbe vya msituni. Lakini mkarafuu ni mti wa majani mazito yasiyopukutika, wenye kivuli cha mwaka mzima, na shamba la zamani huchanganyika na miembe, mifenesi na mishelisheli. Bundi huyu akapata humo nafasi ya kuishi. Anahitaji majani ya kumficha mchana, tundu la mti la kutagia, na wadudu wa kula. Shamba kuukuu lililoachwa na miti yake mikubwa linampa vyote vitatu.

Nafikaje Pemba na Ngezi?

Kwa boti kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani, au kwa ndege hadi uwanja ulioko karibu na Chake Chake. Kutoka Chake Chake panda gari ya shamba, yaani gari ya abiria ya vijijini, hadi Konde. Kutoka Konde hadi lango la msitu ni kilomita chache: kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa pikipiki ya kukodi. La muhimu ni kurudi. Ukishamaliza usiku hakuna gari inayopita, kwa hiyo kubaliana na mwenye pikipiki mapema akungoje au akufuate saa mnayoelewana, na umlipe vizuri kwa kuharibu usingizi wake.

Naruhusiwa kuingia msituni usiku?

Si kwa kujiingilia. Ngezi ni hifadhi chini ya Idara ya Misitu, na langoni kuna kituo cha wageni. Fika mchana wa siku hiyo, au siku moja kabla, lipa kiingilio, na ueleze kwamba unataka matembezi ya usiku kwa ajili ya bundi. Watakupa mtu wa kukuongoza. Mwongozaji wa Ngezi anajua jozi ipi ililia wapi wiki iliyopita, na hilo halipatikani kitabuni.

Kwenye mashamba, omba ruhusa kwa mwenye shamba na umjulishe sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Mtu asiyejulikana akizungukazunguka chini ya mikarafuu usiku, hasa wakati wa mavuno, hudhaniwa mwizi wa karafuu, na wenye shamba wana haki ya kudhani hivyo.

Saa ngapi ni bora?

Jua likizama, kama saa kumi na mbili na nusu jioni, uwe umekwisha kukaa mahali pako. Kuanzia hapo hadi kama saa mbili usiku ndiyo nafasi nzuri zaidi. Halafu hupoa. Alfajiri, kuanzia saa kumi, huamka tena, na mimi binafsi naipenda alfajiri kuliko magharibi kwa sababu kijiji kimelala, pikipiki hazipiti, na hata nyenje wamepunguza.

Na msimu?

Anaishi hapa mwaka mzima, hahami. Adui wako ni upepo na mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua hupiga majani usiku kucha na husikii kitu. Kusi inapovuma kwa nguvu, Juni na Julai, miti inasema kuliko ndege. Agosti hadi Oktoba ndio wakati wake wa kuzaliana, na jozi hujibizana zaidi. Kama ningechagua wiki chache tu za mwaka, ningechagua maleleji ya mwisho wa Septemba na Oktoba, kusi imechoka na kaskazi haijaingia, usiku umetulia mpaka unasikia jani likidondoka.

Mbalamwezi inasaidia. Unamwona ndege vizuri zaidi, na yeye naye huwa mwepesi wa kulia.

Nimekaa saa mbili na sijasikia kitu. Nimekosea wapi?

Uwezekano mkubwa ni kwamba umetembea mno. Wageni wengi huingia msituni kama wanaotafuta ng'ombe aliyepotea: hatua hamsini, simama nusu dakika, hatua hamsini. Bundi akisikia nyayo hunyamaza, na kunyamaza kwake huchukua muda mrefu kuliko subira yako. Chagua mahali pamoja penye mti mkubwa na uwazi mdogo mbele yake. Kaa chini. Zima kila kitu. Usiongee hata kwa kunong'ona, maana mnong'ono una "s" nyingi na "s" husafiri mbali usiku. Dakika ishirini za mwanzo ni za msitu kukusahau. Zinazofuata ndizo za kusikiliza.

Ukimsikia, usisimame. Weka viganja nyuma ya masikio, ugeuze kichwa polepole kushoto na kulia mpaka mlio uwe na nguvu sawa pande zote mbili. Hapo pua yako inaelekea kwake. Mlio wake hudanganya umbali. Ule unaoonekana kutoka mita mia moja huenda uko mita kumi na tano, kwenye majani ya chini. Mara nyingi hukaa chini kuliko watu wanavyotazamia. Tazama kwanza kwenye usawa wa paa la nyumba, kisha ndipo upandishe macho.

Na pengine hujakosea lolote. Zipo siku halii.

Nitumie tochi gani?

Ndogo. Funika kioo chake kwa karatasi nyekundu au kitambaa chekundu chembamba, na mwanga uuelekeze kando yake, wala si usoni. Mwanga ukimgusa pembeni, macho ya manjano yatajionyesha yenyewe. Mpe sekunde chache, zima, ngoja, kisha washa tena kwa muda mfupi.

Nimewahi kuwa na kundi la watu sita, kila mmoja na tochi yake ya nguvu. Ndege aliyekuwa akilia vizuri kwenye mti alimulikwa kutoka pande zote. Alijibana, akafumba macho, akajinyoosha mpaka akawa kama kipande cha tawi lililovunjika, na kwa muda wote tuliokuwa pale hakusogea wala kulia tena. Watu walifurahi kwamba "ametulia". Hakuwa ametulia. Alikuwa ameogopa kiasi cha kushindwa kuruka. Tangu siku hiyo, tochi inakuwa moja, na inashikwa na mwongozaji.

Nicheze sauti yake kwenye simu ili aje?

Nakuomba usifanye hivyo. Bundi akisikia sauti ya mwenzake ndani ya eneo lake huelewa jambo moja: ameingiliwa. Huacha kuwinda, huacha jike au makinda, huja kupigania mahali pake. Ukifanya hivyo wewe leo, mwingine kesho, na mwingine keshokutwa, kwenye mti ule ule ulio karibu na barabara kwa sababu ndiko kunakofikika, yule ndege ataishi akigombana na mzimu. Agosti hadi Oktoba, wakati wa mayai na makinda, madhara ni makubwa zaidi.

Wapo waongozaji wazoefu wanaouiga mlio kwa mdomo mara moja au mbili, kisha wakaacha. Hilo naweza kulielewa, nje ya msimu wa kuzaliana. Lakini simu yenye spika, ikirudia bila kuchoka, hapana. Na ukweli ni kwamba huihitaji. Anayekaa kimya dakika arobaini humpata mara nyingi kuliko anayecheza sauti kwenye simu.

Anaonekanaje akiwa pale tawini?

Nitaeleza yule niliyemwona vizuri kuliko wote, mita kama saba kutoka nilipokaa, kwenye mtambaazi ulioning'inia kando ya barabara ya Ngezi. Alikuwa wa rangi ya kutu. Mbalamwezi ilikuwa nyuma yangu. Kabla ya kila mlio aliinama kidogo mbele, koo likajaa, manyoya ya pale yakatanuka, ndipo "hu" ikatoka, mdomo ukiwa kama haukufunguka. Baada ya mlio koo lilirudi, akageuza kichwa upande mmoja kama anayengoja jibu. Jibu lilikuja kutoka ndani ya msitu. Akajikuna shavu kwa kucha moja. Halafu nondo akapita, na tawi likabaki likitikisika. Sikusikia hata bawa.

Ndivyo anavyowinda: hukaa, huona, huruka mara moja kumkamata mdudu hewani au juu ya jani, kisha hurudi kukaa. Panya na vifaranga vya watu si chakula chake.

Ninaweza kumwona mchana?

Kwa bahati, au kwa mwongozaji anayejua analala wapi. Mchana hujificha kwenye majani mazito na vichaka, mara nyingi chini chini, na ile rangi yake ya gome inafanya kazi iliyokusudiwa. Ukiona ndege wadogo, chozi na wengine, wamezunguka sehemu moja wakipiga kelele za hasira, tazama katikati yao. Ukimkuta amelala, tazama kutoka mbali, kisha ondoka. Usimwamshe ili afumbue macho upate picha.

Vipi kuhusu picha basi?

Bila taa za kumulika za kamera. Kamera za siku hizi zinapiga vizuri kwenye mwanga hafifu. Kama hazitoshi, rekodi sauti. Rekodi ya dakika mbili ya jozi ikijibizana ina thamani kubwa kuliko picha ya ndege aliyefumba macho kwa woga. Na kama umegundua tundu lenye makinda, usilitaje kokote hadharani.

Nivae nini, nibebe nini?

Suruali ndefu na mikono mirefu kwa ajili ya mbu, rangi zisizong'aa, viatu visivyolia. Usivae koti la mvua la nailoni. Linapiga kelele kila unapopumua. Darubini yenye lenzi pana inasaidia hata usiku. Maji. Na kwa kuwa unapita vijijini, vaa kwa heshima, wanawake kwa wanaume. Ukienda Ramadhani, usipange matembezi yagongane na futari; mwongozaji wako naye ana nyumba inayomngoja.

Bundi si mkosi? Mama yangu hataki hata kulitaja jina lake.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na sipendi lichekwe. Imani kwamba bundi akilia juu ya paa analeta msiba ni ya zamani katika pwani yote, na watu waliofiwa wanakumbuka walichokisikia usiku ule. Sitamwambia mtu kwamba hakukisikia.

Ninachosema ni hiki. Kwa kijiji kilicho kando ya shamba la mikarafuu, bundi huyu analia karibu usiku wowote uliotulia: wa harusi, wa maulidi, wa mtoto kuzaliwa, na wa msiba. Tunaukumbuka ule wa msiba. Hafuati nyumba, anafuata nondo, na nondo wanafuata taa iliyo nje ya nyumba. Nilipomweleza hivyo mzee mmoja, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi tuizime taa, si tumpige ndege." Sijapata jibu bora kuliko hilo.

Yuko hatarini?

Ndege anayeishi kisiwa kimoja tu, chenye ukubwa usiofika kilomita za mraba 1,000 na watu zaidi ya nusu milioni kwa sensa ya 2022, hawezi kamwe kuwa salama kabisa. Hana pa kukimbilia. Miti mikubwa yenye matundu ndiyo inayokatwa kwanza, kwa mbao, kuni na mkaa, na mashamba ya zamani hugawanywa kuwa viwanja.

Lakini nisingependa mtu akate tamaa. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye naye hapatikani kwingine, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amebaki wachache mno kwa kuwindwa. Wanavijiji wakaunda vikundi vya kulinda miti wanamolala, kama pale Kidike, na ndani ya miaka ishirini hivi idadi yao ilipita 20,000. Kazi hiyo waliifanya Wapemba wenyewe.

Nina shamba. Nifanye nini?

Usiukate mti mkavu wenye tundu, isipokuwa unatishia nyumba au njia. Ukipanda mikarafuu mipya, usifyeke ya zamani yote kwa mpigo mmoja. Acha mimea michanga ikue kwanza. Uache mwembe mkuukuu hata kama hauzai tena. Sumu ya wadudu itumie pale tu ilipohitajika, kwa sababu wadudu ndio chakula chake.

Nimemkuta kinda chini ya mti.

Kama hajaumia, mpandishe kwenye tawi la karibu lililo juu ya kimo cha paka, uondoke. Wazazi wako karibu na watamlisha usiku. Usimpeleke nyumbani. Kama ameumia, wapigie walinzi wa msitu.

Nina usiku mmoja tu Pemba. Nifanyeje?

Fika Ngezi saa tisa alasiri. Ongea na mwongozaji, tembeeni njia fupi ya msituni kukiwa na mwanga ili ujue mahali miti ilipo; hapo utapata pia chozi na pengine ninga. Saa kumi na mbili kasorobo mkae mahali pamoja kando ya barabara. Kaeni hadi saa mbili. Mkipata, vizuri. Msipopata, lala Konde au karibu yake, usirudi Chake Chake, na uombe wenyeji wako wakuamshe saa kumi alfajiri. Toka nje bila kuwasha taa. Usiende popote. Simama uani, karibu na mikarafuu, na usikilize mpaka adhana ya alfajiri. Mimi nimemsikia mara nyingi zaidi uani kwa watu kuliko msituni.